Kiti Kilichogoma Kupanda

Fundi alilegeza skrubu inayobana nguzo ya kiti, akakishika kiti kwa mikono miwili, akakizungusha kulia. Hakikusogea. Akakizungusha kushoto. Wapi! Akaipindua baiskeli magurudumu juu, akakibana kiti katikati ya magoti, akaishika fremu na kuinyonga kama mtu anayekamua blanketi.

"Hiyo kazi ya dakika mbili tu," muuzaji akasema.

"Haya, ifanye," fundi akamjibu, akasogea pembeni.

Mpwa wangu, aliyekuwa akitafuta baiskeli yake ya kwanza ya mbio, alikuwa kimya, macho yote kwenye fremu. Kaboni nyeusi, nyaya zote zimefichwa ndani, gia za umeme zinazohama kwa mguso wa kidole. Bei aliyotajiwa ilikuwa chini kidogo ya alichonacho mfukoni. Kasoro ilikuwa moja tu: kiti kilikaa chini mno kwa miguu yake, na nguzo ya alumini ilikuwa imeshikana na fremu. Alumini ikigusana na kaboni kwa muda mrefu huku jasho la chumvi likishuka humo, hufanya kutu yake nyeupe na kuvimba mpaka ikose pa kupita. Dawa yake ni kuichomoa nguzo mara kwa mara, kuisafisha na kuipaka kilainishi kinachofaa. Mwenye baiskeli hii hakuwahi. Wapo mafundi ambao huishia kuikata nguzo ya namna hiyo kwa msumeno, kipande kwa kipande, huku wakiomba Mungu wasiiguse fremu.

Muuzaji alijaribu. Akatoa shati la juu, akajaribu tena.

Tukamshukuru, tukaondoka.

## Ungeinunua, mjomba?

Njiani aliniuliza hivyo. Nikamwambia hapana, na jibu hilo bado nalisimamia. Ila kwa wiki kadhaa halikuniacha nipumzike, kwa sababu yeye hakuishia hapo. Alikuwa na hoja, tena hoja nzito. Magurudumu peke yake, alisema, yanarudisha sehemu kubwa ya bei ile. Gia zinarudisha iliyobaki. Fremu ni kama anapewa bure. Kwa hela hiyohiyo dukani angepata baiskeli mpya ya alumini, nzito, yenye gia za daraja la chini kabisa, isiyomgeuza mtu shingo. Kwa nini achukue kidogo wakati kikubwa kipo?

Hesabu yake ilikuwa sahihi, ila ilikuwa hesabu ya mtu anayetaka kuiuza baiskeli.

Alijumlisha thamani ya vipande. Anayetaka kuipanda ana hesabu nyingine kabisa: vipande hivyo vitaisha lini, nani atavibadilisha, kwa spana gani, na vya kuziba nafasi yake vinapatikana bila kuagizwa? Maana baiskeli ya mbio huliwa. Mnyororo huliwa, tairi huliwa, pedi za breki, waya, beringi, hata utepe wa usukani. Unamlipa muuzaji mara moja, halafu unaendelea kuilipa barabara kidogo kidogo kwa muda wote utakaokuwa nayo.

Fundi alikuwa amelisema hilo wakati tunaagana naye, kwa namna yake. "Baiskeli zote huenda vizuri siku ya kununua, kijana. Mimi nakutana nazo siku ile nyingine."

Hapo ndipo nilipoanza kufikiri upya maana ya "nafuu" kwa mtu anayetafuta baiskeli yake ya kwanza ya mbio.

## Anza na mwili

Watu wengi huanza na chapa. Chapa gani nzuri? Ningependa waanze na miguu yao.

Fremu huandikwa 52, 54, 56 na kuendelea. Namba hizo zilitokana na urefu wa bomba la kiti kwa sentimita, enzi ambazo bomba la juu lilikuwa limelala sambamba na ardhi. Siku hizi bomba la juu limeinama kuelekea nyuma, kila kiwanda kinapima kivyake, na 54 ya huyu inaweza kukutosha huku 54 ya yule ikikuvunja mgongo. Vipimo vinavyosema ukweli ni viwili, na watengenezaji wengi huvichapisha kwenye jedwali la kila modeli. Cha kwanza ni kimo: kutoka usawa wa ekseli ya kranki (mhimili ambao mikono ya pedali inauzunguka) kwenda juu hadi kichwa cha fremu, pale usukani unapoanzia. Cha pili ni umbali wa mlalo kati ya alama hizohizo mbili. Kimo kinakuambia utainama kiasi gani. Umbali unakuambia utajinyoosha kiasi gani. Ukilinganisha baiskeli mbili, linganisha hivyo, stika ya ukubwa iache.

Kwa anayepanda usukani uliopinda kwa mara ya kwanza, ningechagua kimo kirefu kidogo. Fremu za mashindano humlaza mtu mbele. Picha zake ni nzuri, lakini shingo isiyozoea huanza kulalamika kabla miguu haijachoka. Karibu kila kiwanda kina fremu nyingine iliyotengenezwa kwa safari ndefu, yenye kichwa kirefu zaidi na mwendo mtulivu zaidi. Mara nyingi haina tofauti ya bei. Wanaoiacha huiacha kwa sababu haionekani ya kishindani, na hilo nalielewa, ila silikubali.

Urefu wa kiti una kanuni yake. Simama peku, mgongo ukutani, pandisha kitabu kigumu katikati ya miguu mpaka kigote juu, kisha pima kutoka sakafuni hadi mgongo wa kitabu. Zidisha kwa 0.883. Jibu ni umbali wa kutoka katikati ya ekseli ya kranki hadi juu ya kiti. Kanuni hii ilipata jina kupitia Greg LeMond, Mmarekani aliyeshinda Tour de France mwaka 1986, 1989 na 1990, na kocha wake Mfaransa Cyrille Guimard. Mtu mwenye sentimita 82 anapata 72.4. Hiyo ni sehemu ya kuanzia, si amri. Utapandisha au kushusha milimita chache kadiri viatu, pedali na magoti yatakavyosema.

Ila lazima uweze kupandisha. Mpwa alikuwa tayari "kuvumilia" kiti cha chini. Goti linalopinda kupita kiasi kila mzunguko, mizunguko 70 au 80 kwa dakika, saa nzima, halivumilii. Linaanza kwa kuuma kidogo mbele, unalipuuza, baadaye linakuweka nyumbani.

## Kilo inayotukosesha usingizi

Uzito ndio unaouza kaboni. Baiskeli ya alumini ya daraja la kuanzia huwa na kilo 9 hadi 11 hivi. Ya kaboni iliyotengenezwa vizuri hushuka hadi 7 au 8. Waliokwenda mbali zaidi ni wa mashindanoni, na hao shirikisho la baiskeli duniani, UCI, limewawekea kikomo tangu mwaka 2000: isiwe chini ya kilo 6.8.

Sasa weka kilo hiyo moja mahali pake. Mtu wa kilo 70 juu ya baiskeli ya kilo 10 ni kilo 80 zinazopanda mlima. Ukipunguza moja, umepunguza sehemu moja kati ya 80. Kwenye mlima wa dakika 20 umeokoa sekunde 15, tena kwa makadirio ya ukarimu. Kwenye barabara tambarare hutaiona kabisa, kwa sababu huko unapambana na hewa, na sehemu kubwa ya hewa hiyo inapigwa na kifua chako. Ukikunja viwiko na kushusha mabega unapata faida ambayo hakuna fremu itakayokuuzia kwa bei hiyo.

Sisemi kaboni ni mbaya. Inameza mitetemo vizuri, na uma wa mbele wa kaboni kwenye fremu ya alumini ni mchanganyiko ninaoupenda kuliko wote kwa anayeanza. Chuma nacho kipo: kizito kidogo, kinachomeleka na kuchomelewa tena, na ufa wake mara nyingi huonekana kabla haujawa hatari. Kaboni iliyowahi kuanguka inaweza kuficha ufa ndani huku rangi nje ikiwa inang'aa. Kwa mtumba wa kaboni usio na historia, mimi nasita. Kusita huko hakujaniisha.

## Meno

Hapa ndipo ningependa mtu atumie muda mrefu kuliko popote, na ndipo wengi wanapopita haraka.

Gia ni hesabu ya meno. Ya mbele gawanya kwa ya nyuma, zidisha kwa mzingo wa gurudumu, ambao kwa baiskeli ya mbio ni kama mita 2.1. Jibu ni umbali unaokwenda kwa mzunguko mmoja wa pedali. Baiskeli nyingi za zamani za mashindano zina meno 53 na 39 mbele, na nyuma kaseti (lile rundo la magurudumu ya meno) inayoishia 25. Gia nyepesi kabisa hapo ni 39 kwa 25: mita 3.3 kwa kila mzunguko. Baiskeli za kisasa za kuanzia huwa na 50 na 34 mbele, na kaseti inayofika 32 au 34 nyuma. Kwa 34 kwa 32 unakwenda mita 2.2.

Mita moja tu ya tofauti. Lakini peleka hesabu hiyo mlimani. Kuzungusha pedali mara 70 kwa dakika, mwendo ambao magoti yanaukubali, gia ile ya zamani inakutaka uende karibu kilomita 14 kwa saa. Ya pili inakuruhusu kwenda 9. Kwenye mteremko mkali wa kupanda, anayeanza hana hizo 14. Anaanza kusimama juu ya pedali, mizunguko inashuka hadi 40, kila hatua inakuwa ya kunyanyua mzigo, na akifika juu anaamini kwamba hana miguu ya baiskeli. Miguu anayo. Meno ndiyo hana.

Kiburi cha gia ngumu si cha leo. Waandaaji wa Tour de France walikataa vibadilisha gia mpaka mwaka 1937. Kabla ya hapo mpandaji alishuka, akafungua gurudumu la nyuma, akaligeuza upande wa pili wenye meno mengine, akalifunga, akaendelea.

Kuhusu madaraja ya gia, kwa sababu swali hili halikwepeki: kwa Shimano, kampuni inayotengeneza gia, ngazi ya chini ya baiskeli za mbio ilikuwa Claris yenye gia 8 nyuma, kisha Sora yenye 9, Tiagra yenye 10, halafu 105 iliyokuwa na 11 na sasa 12. Juu yake ni Ultegra na Dura-Ace. Utaambiwa kwamba baiskeli ya kweli inaanzia 105. Puuza. Claris iliyofungwa na kurekebishwa vizuri inahama bila ubishi. Gia 8 zina nafasi pana kati yake, kwa hiyo zinasamehe waya uliolegea kidogo. Mnyororo wake ni ule ule unaotumika kwenye baiskeli za gia 6 na 7, kwa hiyo hauadimiki na hauumizi mfuko. Na kaseti za barabarani za Shimano za gia 8, 9 na 10 hukaa kwenye habu (kitovu cha gurudumu) ileile, hivyo siku ukitaka kupanda ngazi gurudumu lako halitupwi.

Kinachopungua ni nini? Hatua kati ya gia na gia ni kubwa zaidi, na kuna nyakati utatamani iliyo katikati. Basi.

## Diski au rimu

Nimebadilisha mawazo hapa zaidi ya mara moja, na huenda nikabadilisha tena.

UCI iliruhusu breki za diski rasmi kwenye mbio za barabarani mwaka 2018, na viwanda vikahamia huko kwa kishindo. Baiskeli mpya nyingi sasa ni za diski. Zinashika vizuri kwenye mvua, haziili rimu, na fremu zake hupokea tairi pana, milimita 32 na kuzidi. Za mafuta zina mguso laini ambao mkono dhaifu unaushukuru, ila hewa ikiingia kwenye mafuta unahitaji vifaa na mtu anayejua. Za waya ni rahisi kushika, lakini zisiporekebishwa vizuri zinalia na hazisimamishi.

Breki za rimu, zinazobana ukingo wa gurudumu, zimebaki upande wa pili wa mto. Ni nyepesi, zinatengenezeka kwa ufunguo mmoja, na kosa lake unaliona kwa macho. Kwa kuwa soko limehama, baiskeli nzuri sana za rimu zinauzwa mtumba kwa bei ambayo miaka kumi iliyopita isingewezekana. Kama bajeti ni ndogo na unapanda zaidi barabara kavu, hapo ndipo pesa yako inapokuwa na nguvu.

Tatizo lake ni tairi. Fremu nyingi za rimu za zamani hukubali 25 tu, pengine 28 ukibahatika. Na mimi ningependa 28. Ile imani ya kwamba tairi jembamba lililojazwa upepo mpaka liwe jiwe ndilo lenye kasi imepitwa. Kwenye lami ya kawaida yenye mikwaruzo, tairi gumu hurukaruka, na kila ruko ni nguvu yako inayopotea kwenda juu badala ya mbele. Kwa hiyo uliza kabla ya kununua: tairi kubwa zaidi linaloingia hapa ni lipi? Muuzaji asipojua, chungulia mwenyewe pale tairi linapopita chini ya breki.

## Uzuri wa vitu vya kawaida

Huku ndiko fundi alikokuwa anatupeleka.

Chukua beringi za kranki. Kuna fremu ambazo beringi zake zinafungwa kwa nyuzi kama za skrubu, na kuna ambazo zinagandamizwa ndani bila nyuzi. Za nyuzi zinafunguka kwa kifaa ambacho karibu kila fundi anacho. Ajue tu kwamba kwenye kipimo cha Kiingereza upande wa kulia una nyuzi za kinyume, unafunguka kwa kuzungusha mwendo wa saa. Za kugandamiza zinahitaji kifaa cha kuzitoa na kingine cha kuzisukuma, na shimo la fremu likiwa halikuchongwa sawasawa zitalia krii-krii kila unapokanyaga, utabadilisha beringi na zitalia tena.

Chukua nguzo ya kiti. Ikiwa ya duara, kipenyo milimita 27.2, kila duka linaijua. Ikiwa ya umbo la tone la maji, iliyochongwa kwa fremu hiyo pekee, siku ikipasuka utamtafuta mtengenezaji, na mtengenezaji huenda ameacha kuitoa.

Chukua nyaya. Zikipita nje ya fremu, kubadilisha waya wa gia ni kazi ya mchana mmoja na huhitaji mtu. Zikipita ndani ya bomba, sawa, utasota kidogo. Zikipita ndani ya kichwa cha usukani, na breki ni za mafuta, mara nyingi kubadilisha beringi moja ndogo ya juu kunamaanisha kukata mabomba ya mafuta, kuyaunganisha upya na kutoa hewa. Beringi ni ya bei ndogo, ila kuifikia ndiko kunakogharimu.

Baiskeli aliyoitamani mpwa wangu ilikuwa na yote haya. Hakuna hata kimoja kilichokuwa kibaya. Mtu mwenye baiskeli tatu na fundi wake wa kudumu angeichukua akafurahi. Kwa mtu ambaye hiyo ndiyo ya kwanza, ndiyo ya pekee, na pesa yote imeishia hapo, kila kipande kisicho cha kawaida ni siku ambayo hatapanda.

## Lakini haivutii

Nilimweleza hivyo. Akanisikiliza mpaka mwisho, kwa adabu, kisha akasema jambo ambalo sikuwa nimelipangia jibu.

"Mjomba, baiskeli nisiyoitamani sitaipanda."

Nilitaka kumwambia hayo ni ya ujana. Sikumwambia, kwa sababu ni kweli. Nimeona baiskeli zenye busara zikikusanya vumbi, na nimeona watu wakiamka kabla ya jua kwa sababu tu fremu yao ina rangi wanayoipenda. Mtu hapimi mita 2.2 kwa mzunguko anapofungua mlango asubuhi ya baridi. Anaiangalia baiskeli. Inamwita au haimwiti.

Kwa hiyo matamanio nayo yana kura. Ninachobishana nacho ni wakati wa kuyapigisha kura. Ukianza nayo, utatafuta sababu za kuhalalisha kiti kisichopanda. Ukichuja kwanza kwa mwili, halafu meno, halafu vitu vya kawaida, bado utabaki na baiskeli tatu nne mbele yako. Hapo chagua kwa macho, bila kumwomba mtu radhi. Chukua nyekundu.

Mpwa ameikubali nusu ya hoja hii. Nusu nyingine bado tunavutana.

## Mbele ya muuzaji

Kama unakwenda kuangalia mtumba, nenda na rula ya inchi. Pini za mnyororo mpya zinapishana nusu inchi kamili. Weka mwanzo wa rula katikati ya pini moja, nyoosha mnyororo, tazama alama ya inchi 12: lazima pini nyingine ikae juu yake. Ikiwa imepita kwa sehemu moja ya 16 ya inchi, mnyororo umeisha, ubadilishwe. Ikipita kwa sehemu moja ya nane, mara nyingi kaseti nayo imeliwa pamoja nao, na hiyo ni pesa unayopaswa kuitoa kwenye bei mezani, si nyumbani baadaye.

Kwa breki za rimu, pitisha kidole kwenye ukuta wa rimu pale pedi zinaposhika. Ukuta uliobonyea ndani ni rimu inayokaribia kupasuka. Rimu nyingi zina kitundu kidogo au mfereji wa kuonyesha uchakavu. Usipouona tena kwenye rimu iliyokuwa nao, imekwisha.

Shika breki ya mbele, sukuma baiskeli mbele na nyuma, sikiliza kama kichwa kinagonga. Inyanyue mbele, zungusha usukani polepole. Ukinasa katikati, beringi zimepata vishimo. Yumbisha mikono ya kranki kwa upande. Tazama chini ya bomba la chini, karibu na kichwa, kama rangi imevimba au imekunjamana: ndipo fremu iliyogonga ukuta inapojisema. Na hakikisha kiti kinapanda na kushuka.

Kisha ipindue. Namba ya fremu mara nyingi iko chini ya kranki. Ikiwa imekwanguliwa, ondoka, hata kama bei inakuita. Ikiwepo, iandike, na muombe muuzaji risiti au maandishi ya makubaliano. Muuzaji halali hakasiriki kwa hilo.

## Kinachobaki mfukoni

Usiimalize hela yote kwenye baiskeli. Hili limesemwa mara nyingi na bado watu huishia kupanda bila pampu. Kofia, taa, kufuli, tyubu mbili za akiba, vijiti vya kutolea tairi, pampu inayokubali vali nyembamba za baiskeli za mbio, kaptura yenye sponji. Vyote hivyo vinakula sehemu ya bajeti, na baiskeli ya mbio mpya mara nyingi huja bila pedali kabisa. Usihangaike na pedali za kunasa viatu mwanzoni. Za bapa zitakupeleka mbali.

Kuna kitu kimoja kidogo ningekinunua siku hiyohiyo ya baiskeli: kile kisikio cha alumini kinachoshikilia kibadilisha gia cha nyuma. Kimetengenezwa laini makusudi ili baiskeli ikianguka kipinde chenyewe badala ya fremu. Vipo vya maumbo mamia, na chako huenda hakiingiliani na cha mwingine yeyote. Kiweke kwenye mfuko wa vifaa, kisha kisahau.

Na baada ya wiki chache za mwanzo gia zitaanza kukataa. Utabonyeza kwenda meno makubwa, mnyororo utasitasita, utakwaruza, utaruka. Wengi hapo huanza kuilaani baiskeli na kuwaza ile waliyoiacha. Ni waya mpya umekaa sawa na kulegea kidogo, hakuna zaidi. Pale waya unapoingia kwenye kibadilisha gia cha nyuma kuna kirungu kidogo cha kuzungusha kwa vidole; kizungushe robo kinyume na mwendo wa saa, jaribu, ongeza robo nyingine kama bado.